Macho Niliyomwazima Bibi

Kwangu nafaka hailali. Unga nanunua kilo moja moja, maharage kwa bakuli, mchele wa siku nne basi. Mume wangu hunitania kwamba Mbagala nzima ni mimi peke yangu ninayenunua unga kwa dozi. Namwacha acheke. Mwezi uliopita mama mkwe wangu, mwenye roho nzuri na asiyejua lolote, akatutumia nusu gunia la mahindi kutoka kwao. Nikalisukumia stoo, nikajisahaulisha. Nilipokuja kulifungua, harufu ikanipiga usoni: vumbi lenye uchachu kidogo, harufu ya mahindi yaliyobunguliwa. Nikatumbukiza mkono, ukatoka mweupe mpaka kwenye kifundo, na wadudu watatu weusi wanapanda kidole changu bila haraka yoyote. Nikakaa sakafuni nikalia. Mume wangu akaja mbio, akaliangalia gunia, akaniangalia mimi.

"Mahindi tu haya, Mama Upendo," akasema. "Si tuyaanike juani?"

Tumeishi pamoja miaka kumi na mbili na jambo hili hajawahi kulisikia, kama ambavyo baba yangu naye hajawahi kulisikia. Nalisema hapa kwa wenzangu wa rika langu, mliokaa na bibi zenu mkiwa wadogo, maana nadhani nyie mtanihukumu kwa haki.

Nilikuwa na miaka tisa Bibi, mama yake Baba, alipokuja kukaa nasi. Alitokea Njombe, kwenye baridi na vilima, akiwa amevaa sweta mbili ambazo alikataa kuzivua mpaka siku ya tatu. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na Baba alikuwa amemwombea nafasi ya upasuaji hapa Dar. Niliposikia hivyo nilimpanda mapajani nikachungulia nimwone huyo mtoto. Niliona weupe tu, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Nikamwambia mtoto wake amelala. Bibi alicheka mpaka kilemba kikamvuka kichwani, na urafiki wetu ukaanzia hapo.

Kwetu, kama ilivyo kwa watu wengi wa bara, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza. Mume wetu alikuwa babu, ambaye alifariki kabla sijazaliwa, lakini hilo halikumzuia Bibi kunigombeza kwa ajili yake. "Mke mwenzangu, jana zamu yako, ulimpikia nini mume wetu? Kanijia ndotoni analalamika njaa." Nami nilijibu kwamba alikula wali na kuku, kwamba anamsingizia tu kwa sababu ya wivu. Mama alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni anatingisha kichwa. Wengine nyumbani waliniita kwa jina langu. Yeye hakuwahi kuniita kitu kingine zaidi ya mke mwenzangu.

Lazima niseme pia jinsi mambo yalivyokuwa kabla hajaja, si kwa kujitetea, ila muelewe. Baba alikuwa karani kwenye yadi ya makontena kule Kurasini, anaondoka giza anarudi giza. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya mbali. Mimi nilikuwa natoka shule saa saba na nusu nakuta kufuli. Ufunguo ulikaa kwa jirani yetu Mama Rukia, nikiuchukua naingia ndani peke yangu, nakula kiporo cha baridi, nasikiliza bati likilia kwa joto. Bibi alipokuja, mlango ulikuwa wazi. Kabla sijafika hata kizingitini nilisikia, "Mke mwenzangu, umechelewa, chakula chako nampa paka." Hatukuwa na paka. Nilikuwa nakimbia njia nzima kutoka shule ili nikasikie maneno hayo.

Bibi hakuja na zawadi nyingi. Alikuja na mfuko wa nguo na mzigo mmoja wa mahindi yakiwa bado na maganda yake, yamefungwa mawili mawili kwa kamba. Ndiyo iliyokuwa mbegu yake. Alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa, akaipanda kila msimu, akaitunza kila mavuno, na punje zake zilikuwa nyeupe zenye doa jekundu kwenye kitako. Kijijini wenzake wote walishahamia mbegu za dukani. Yeye alibaki na hiyo. Huko kwao ilikaa darini juu ya jiko la kuni, inapigwa moshi asubuhi na jioni, na mdudu hasogei penye moshi. Angeiachaje? Akiondoka hakuna wa kuwasha moto, na shemeji zake, wadogo zake babu, wangeitwanga wakaila.

"Sasa hapa moshi uko wapi?" aliuliza siku ya kwanza, amesimama katikati ya jiko la Mama, ananusa hewa. Akaonyeshwa jiko la mkaa. Akalipapasa, akasikitika. "Mnapikaje chakula kisichonuka moshi?"

Ikabidi mbegu ipukuchuliwe. Tulikaa uani mimi na yeye, na hapo ndipo alinifundisha. Punje za nchani ni ndogo, za kitakoni zimepinda, hizo ni za chakula. Mbegu ni za katikati, zile zilizobanana zikanyooka. Alizitenganisha kwa kidole gumba bila kuona, haraka kuliko mimi niliyekuwa naona. Kisha tukachekecha majivu na kuyachanganya nazo. Mama Rukia, mama wa Kizaramo aliyekuwa na neno kwa kila jambo, akachungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo Bibi. Majivu peke yake hapa Dar hayatoshi, mie nakwambia. Joto hili mdudu anazaliana kama kalipwa. Ngoja nikuletee mwarobaini."

Akaleta majani makavu, tukayatwanga, tukayachanganya nayo. Tukajaza ndoo nyeupe ya rangi yenye mfuniko wa kubana. Bibi aliipapasa ndoo ile pande zote, akaikalisha pembeni ya kitanda tulichokuwa tunalala mimi na yeye.

Kila Jumamosi tuliitoa. Nilipepeta majivu ya zamani, nikatandaza mbegu kwenye ungo mkubwa, tukaianika jua la asubuhi, halafu nikaichunguza punje kwa punje kabla ya kuirudisha na majivu mapya. Bibi alikaa pembeni kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. Mikono yake isingeweza kazi ile. Jembe lilikuwa limeiotesha sugu mpaka kwenye ncha za vidole. "Hivi vinasikia mpini tu," alisema. "Kidudu havikisikii. Niazime macho yako." Kisha akauliza, kila mara kwa maneno yale yale, "Mke mwenzangu, kuna kitu?"

"Hamna kitu, Bibi."

Na kweli hapakuwa na kitu. Wiki zile za mwanzo nilikuwa mkweli, na nilijiona mtu muhimu sana.

Shida ilianzia mezani. Baba alitaka Bibi asirudi tena kijijini. Hakuwa mtu wa kubembeleza, alikuwa akiongea na mama yake kama anavyoongea na madereva wa malori.

"Mama, kule unarudi kufanya nini? Umri huo, macho hayo."

"Macho si yanatengenezwa? Narudi kulima."

"Ulime nini wakati chakula kipo hapa?"

"Shamba lile niliachiwa na baba yako kwa sababu nalipanda. Nisipolipanda msimu mmoja, shemeji zangu watalipanda wao. Na wakishalipanda, mwanangu, hulitoi." Akachota ugali, akaumung'unya taratibu. "Mvua ya kwanza ikigusa Njombe, mimi na mbegu yangu tuko ndani ya basi."

Kwa akili yangu ya miaka tisa, yale ya shemeji na shamba yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nilichokisikia ni mimi na mbegu yangu. Nililala ubavuni kwake nikawaza jambo hilo. Kama mbegu ndiyo inayompeleka, basi bila mbegu hana pa kwenda. Sikuona ubaya wowote. Niliona nimegundua njia ambayo watu wazima, pamoja na kelele zao zote, walishindwa kuigundua.

Mama Rukia alifuga kuku. Chakula chao alikuwa anakifuata sokoni Tandale, mahindi yaliyobunguliwa ambayo hakuna mtu angeyasaga, na kiroba chake kilikaa wazi nyuma ya banda. Nilitumwa kupeleka maganda ya ndizi kwa kuku, jioni moja, Bibi akiwa anaoga. Nikaingiza mkono kwenye kiroba. Nikafumba ngumi. Nilivuka ua nikiwasikia wadudu wananitekenya kiganjani, nikaingia chumbani, nikafungua ndoo, nikasukuma mkono mpaka chini kabisa na kuachia. Nikanawa. Bibi alipotoka kuoga nilimpaka mafuta mgongoni kama kawaida, na alinishukuru kama kawaida.

Ningekuwa nimeishia hapo, pengine majivu na mwarobaini vingewashinda wale wadudu. Sikuishia hapo. Jumamosi iliyofuata nilipepeta majivu ya zamani yakaruka yote, na yale mapya nikayamwaga nyuma ya choo. Wiki ya baadaye nikafanya vivyo hivyo. Kosa la kwanza nilikuwa mtoto, sawa. Haya mengine nilikuwa najua ninachokifanya, na ndiyo yanayoniamsha.

Nilitegemea wangeonekana siku ya pili. Hawakuonekana, nikakata tamaa, nikadhani wamekufa. Ilikuja kuwa baada ya wiki tano au sita ndipo nilipotandaza mbegu na kuona vumbi jeupe likibaki kwenye ungo, kisha tundu moja, dogo, la duara, kwenye punje nzuri ya katikati. Kisha matundu mengi. Kisha wao wenyewe, weusi, na mdomo wao mrefu, wanakimbia jua na kujificha chini ya punje. Mmoja akapanda kwenye mkono wa Bibi uliokuwa umepumzika ukingoni mwa ungo. Alipanda mpaka kwenye mshipa wa kifundo, na Bibi hakusikia kitu. Nikainama nikampuliza akaanguka.

"Unanipuliza nini?"

"Majivu, Bibi."

"Haya. Mke mwenzangu, kuna kitu?"

"Hamna kitu, Bibi."

"Mungu akulindie hayo macho," akasema.

Alisema hivyo Jumamosi tatu mfululizo. Nilianza kuzichukia Jumamosi. Nilikuwa naumwa tumbo kila Ijumaa, na Mama akanipa dawa ya minyoo mara mbili. Lakini nilishafika mahali ambapo kusema ukweli kungehitaji kuusema wote, na huo wote ulikuwa mkubwa kuliko mdomo wangu.

Wakamfanyia upasuaji jicho la kulia. Alirudi na bandeji, na kesho yake ikatolewa, akaonywa asijifikiche, asiinue kizito, na asilie. Alipofika nyumbani alizunguka kila kitu kama mtu aliyekuja kununua nyumba. Akamtazama Baba. "Kumbe umeota tumbo hivi?" Akamtazama Mama, akasema amekonda, mumewe anamtesa. Kisha akanishika mashavu kwa mikono ile yenye sugu. Alinitazama muda mrefu, mimi nikatazama kifungo cha sweta yake.

"Mke mwenzangu mzuri namna hii," akasema. "Haki yake mume wetu anisahau." Halafu, hata kabla hajakaa, "Nenda kaniletee ndoo."

Niliileta. Ilikuwa nyepesi, na mimi nilijua kwa nini. Alibandua mfuniko mwenyewe, harufu ikatoka, na kabla hajatazama ndani uso wake ukawa umeshabadilika. Alimwaga kidogo kwenye ungo. Akachukua punje moja, akaibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, ikawa unga. Akachukua nyingine. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika upawa. Wadudu walikuwa wengi kiasi kwamba ungo ulikuwa kama unatembea.

"Mke mwenzangu, hawa hukuwaona?"

"Sikuwaona, Bibi."

Nilingoja kipigo, au angalau nilingoja anitukane. Badala yake aliniweka magotini pake, akanigeuza uso juani, akanivuta kope la chini kwa kidole. Jicho lake jipya lilikuwa jekundu, karibu sana na langu.

"Yesu wangu," akasema taratibu. "Mtoto huyu haoni."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Alichokiona yeye ni kwamba mtoto amekodolea ungo uliojaa wadudu wiki baada ya wiki akasema hamna kitu, na mtoto mwenyewe ni damu yake, na mama yake Bibi naye alikufa kipofu. Jibu lilikuwa moja tu. Jioni ile alimngojea Baba barazani. "Mbegu imekwenda, na iende. Mpelekeni mtoto hospitali. Nimemrithisha macho yangu."

Mbegu ilipewa nafasi moja ya mwisho. Bibi alichambua zile zilizoonekana nzima, akapanda thelathini kwenye makopo ya maziwa yenye udongo, akamwagilia na kungoja. Yalitoka majani mawili, membamba, yakanyauka. Baba, safari hii kwa sauti ya chini, akasema mbegu za dukani zipo, na hata hivyo jicho la kushoto bado, si asubiri msimu ujao. Miezi yote ile Bibi alikuwa na jibu kwa kila neno la mwanawe. Siku ile alisema, "Sawa." Akaongeza, kama anajiambia mwenyewe, kwamba mtu aliyeshindwa kutunza ndoo moja ya mbegu shamba ataliweza vipi. Mimi nilikuwa hapo hapo, nafanya hesabu za shuleni. Nilikuwa nimeshinda. Nakumbuka kabisa kwamba nilifurahi, kwa muda wa kama dakika moja hivi.

Lakini macho yangu hakuyaacha. Alinipikia mchicha kila siku. Aliniuliza kama naona nzi ukutani, kama naona jina kwenye kopo. Nikisema naona, aliona namfariji. Nilimsikia akisali kwa Kibena chake, na katikati ya maneno nisiyoyajua likapita jina langu. Siku yake ya kliniki ilipofika, akasema tunaenda wote.

Mama alibaki kwenye foleni ya dawa. Mimi na Bibi tukaingia kwenye chumba chenye ubao wa herufi, kubwa juu, zikipungua kadiri zinavyoshuka. Nilikuwa nimejiandaa. Nikiwa kwenye benchi nilishaamua nitasoma mistari mitatu, wa nne nitakosea, nitavalishwa miwani na mambo yataisha. Nesi akaniambia nizibe jicho moja nisome. Nikasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikaishia hapo.

"Endelea, sista mdogo. Wa nne je?"

Nikanyamaza.

"Haoni," Bibi akasema nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Usimlaumu, mwanangu. Ni mimi niliyempa."

Nilikuwa nimemlia mbegu yake, na sasa namwachia na hili alibebe. Hata mtoto ana mahali asipoweza kushuka zaidi, nami nadhani nilipafikia pale. Nikausoma mstari wa nne. Nikasoma wa tano. Nilisoma kwa sauti, mpaka ule wa mwisho kabisa wa herufi ndogo ndogo nyeusi, kisha nikahamisha kiganja nikaanza upya na jicho la pili, na nilikuwa nalia lakini sikukosea hata herufi moja.

Nesi akacheka. "Bibi, huyu anaona mpaka kesho! Macho mazima haya, kanishinda hata mie."

Bibi alipiga kofi la furaha. Moja. La pili lilianza, halafu mikono ikabaki imesimama hewani haijakutana, na nilimwona akifika kule nilikomwelekeza. Akaishusha mikono mapajani. Akamshukuru nesi vizuri, akanishika mkono tukatoka.

Tulikaa kwenye benchi la saruji nje, watu wanapita na bandeji zao.

"Kwa hiyo uliwaona," akasema.

"Niliwaona, Bibi."

"Ukaogopa kuniambia."

Alikuwa amenifungulia mlango mdogo wa kutokea. Ningeitikia tu. Sijui kwa nini sikuitikia. "Niliwaweka mimi," nikasema. "Niliwatoa kwa kuku wa Mama Rukia. Na majivu nilimwaga."

Alinigeukia mzima mzima. "Kwa nini, mwanangu?"

"Ili usiondoke."

Bibi aliinua uso wake juu, akautegesha kuelekea mawinguni, akakaa hivyo hivyo shingo imemkaza. Nilidhani anasali. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba daktari alikuwa amemkataza kulia, na ile ndiyo njia aliyoiona ya kuyarudisha machozi yalikotoka.

"Baba yako tusimwambie," akasema hatimaye. "Atakupiga, na mimi sitaki kumwona mwanangu akikupiga."

Jioni alimwambia Baba kwamba macho yangu ni mazima, kwamba wale wadudu walikuwa ndani ya punje na hata angekuwa nani asingewaona, kwamba majivu alikosea yeye kuyapima. "Uzee," akasema. Baba akampa pole. Nikaangalia sahani yangu.

Aliishi nasi miaka sita. Hakunichukia hata siku moja, nawaambia ukweli, na hilo nalo ni zito kulibeba. Mlango ulikuwa wazi nikirudi shule, chakula kipo, alinisuka, alinisikiliza nikisoma. Ila baada ya siku ile ya benchi aliniita kwa jina langu. Utani wa mke mwenza uliisha. Mama aliwahi kumuuliza mbona siku hizi hamgombanii mume, Bibi akasema mtoto ameshakua.

Shamba lilipandwa na mdogo wake babu, tuliyemwita Babu Mdogo. Msimu wa kwanza alipiga simu kwamba anamsaidia shemeji yake lisiote magugu. Msimu wa pili hakupiga simu. Bibi alikuwa na kawaida, mvua ikinyesha Mbagala, ya kumuuliza Baba kama na Njombe imenyesha. Baba hakujua na hakuuliza.

Tulimrudisha akiwa ndani ya jeneza. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao uani kwake, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na Baba akasimama kuomba shamba la mama yake lirudi kwa watoto wake. Babu Mdogo hakukasirika. Alijibu kwa upole wa mtu mwenye uhakika. Marehemu alikwenda mjini mwenyewe, akapona macho, akaona raha, akakaa. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemzuia kurudi, shamba aliliacha kwa hiari yake. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Baba akakubali kwamba ni kweli, mama mwenyewe alisema amezeeka. Akaketi.

Babu Mdogo akawatazama watu wa kwenye viti, kisha akatutazama sisi wa kwenye mikeka, akauliza kama yupo mwenye neno lingine kabla hawajafunga kwa sala. Aliuliza mara mbili, kama inavyotakiwa. Nilikuwa mstari wa mbele na sahani ya karanga mapajani. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kumenya.